Foleni ya chumba kimoja, Dublin
Leo, 31 Machi 2023, marufuku ya kuwatoa wapangaji hapa Ireland inafika mwisho. Iliwekwa Oktoba mwaka jana, watu wasitupwe nje wakati wa baridi. Baridi bado ipo, nyumba hazipo.

Sisi notisi tunayo. Mwenye nyumba anauza.

Jioni nimeenda kuangalia nyumba ya chumba kimoja. Foleni hadi kona ya mtaa, mvua inanyesha.

Mbele yangu mzee, mvi kichwa kizima. Karatasi zake kazifunga kwenye mfuko wa plastiki: barua ya kazini, ya benki, ya mwenye nyumba wake. Kila mlango ukifunguliwa anaupangusa mfuko kwa mkono wa koti.

Nimeumia jamani.

Ndugu mlioko huku, mnapata wapi nyumba? Niambieni.