Kisima kilicholazwa ubavu: kutoka Fort Jesus hadi Taru

Tulianzia kwenye handaki la Fort Jesus, jua likiwa bado halijawa kali. Wageni hutazama kuta juu. Sisi tulitazama chini. Ngome hii ilianza kujengwa mwaka 1593, na handaki lake limechongwa ndani ya mwamba wenyewe wa matumbawe. Ukisogeza uso karibu unaona tumbawe lilivyo, vijumba vimepangana kama sega la nyuki, na maganda ya chaza yaliyogandamana nalo. Tone la asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10 juu ya jiwe hili hutoa povu papo hapo, maana yake ni chokaa. (Asidi usiitie kwenye ukuta wa kumbukumbu ya taifa. Vipande vimejaa ufuoni, okota kimoja.) Matumbawe haya ni machanga sana kwa hesabu ya miamba. Sehemu kubwa ilikua yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa.

Chini ya matumbawe kuna nini? Kwa mwenye mtambo wa kuchimba, jibu ni la gharama. Kwa mwenye dira, nyundo na nauli ya matatu, sehemu kubwa ya jibu iko kando ya barabara ya Nairobi. Matabaka ya pwani hii yameinama kuelekea baharini, kwa hiyo lililozikwa chini ya kisiwa linachomoza bara. Barabara nayo inayakata karibu mraba. Kwenda Taru, mji mdogo kando ya barabara hiyo, ni kushuka kisima kilicholazwa ubavu: kila kilomita unakanyaga jiwe la kale zaidi.

Mkobani tulikuwa na dira yenye kipima mwinamo, nyundo, lenzi ya kukuza mara kumi, chupa ndogo ya asidi, utepe wa mita 30, GPS, daftari, na ramani mbili za mwanajiolojia P. V. Caswell, ya Mombasa na Kwale (1953) na ya Kilifi na Mazeras (1956). Kipimo chake ni 1:125,000, yaani milimita moja ni mita 125 ardhini. Penseli butu inayochora mstari wa nusu milimita imeshameza mita 62. Ndiyo sababu ramani haikuondolei kazi ya kushuka garini.

Changamwe na Miritini ni nchi ya mwamba wa tope, lile jiwe la kijivu linalobanduka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Ni tope la bahari ya enzi ya Jurasiki, miaka zaidi ya milioni 150. Humo hupatikana amonaiti, mnyama wa bahari mwenye gamba lililojiviringa kama pembe ya kondoo. Amonaiti ana thamani kuliko uzuri wake: aina zake zilibadilika upesi, hivyo ukimtambua mmoja vizuri umejua umri wa tabaka, na unaweza kulilinganisha na tabaka la Madagascar au India bila kuona kinachoyaunganisha chini ya bahari.

Jaribu jambo moja pale. Chukua kipande cha mwamba huu kilichokauka, kitie katika gilasi ya maji. Baada ya muda mfupi kinaanza kumomonyoka, na mara nyingi unabaki na uji. Wajenzi wanaochonga kilima kukiacha wima wangelifanya jaribio hili kabla ya masika, wasingeshangaa kuona ukuta umelala barabarani.

Kupima mwinamo kwenye mwamba wa tope kuna mtego wake. Juu ya mteremko, udongo na jiwe lililooza hutambaa polepole kuelekea bondeni na kukunja ncha za matabaka. Ukiweka dira hapo utaandika mwinamo wa udongo unaoteleza. Chimba sentimita 40 au 50 hadi upate jiwe linalolia likigongwa, ndipo upime. Andika namba mbili, upande linakoinamia na pembe yake, kwa mfano 095/06: linaelekea mashariki, nyuzi 6. Simu, nyundo na kingo za chuma za barabara ziwe mbali na dira. Pima mara tano mahali pamoja. Moja ikitofautiana sana na zenzake usiifute. Iwekee alama, huenda ndiyo inayosema kweli.

Kabla ya Mazeras tulikaa zaidi kuliko tulivyopanga. Kwa mpangilio wa kawaida, chini ya mwamba wa tope panatakiwa pawe na chokaa ya Kambe, kisha jiwe la mchanga la Mazeras. Kaskazini, upande wa Kambe, chokaa hii ni ya kutosha kabisa. Ukija kusini inapungua, na kuna mahali unatafuta mpaka unachoka. Tabaka likikosekana kuna maelezo mawili. Ama halikuwekwa hapo, au liliwekwa na kulika kabla ya la juu kuja. Ama kuna mpasuko, na upande mmoja umeshuka ukalificha. Chokaa ikikonda kidogo kidogo, kilomita hadi kilomita, maelezo ya kwanza yana nguvu. Ikikatika ghafla, tafuta ushahidi wa mpasuko: nyuso za jiwe zilizosuguana mpaka zikang'aa na kuwa na michirizi, mawe yaliyovunjikavunjika na kushikana tena, mishipa myeupe ya kalsaiti (madini ya chokaa), chemchemi zilizojipanga mstari mmoja, na mwinamo unaoruka nyuzi nyingi katika hatua chache. Alama moja haitoshi. Ukiwa na moja, chora mstari wa vidoti, maana huna hakika.

Jiwe la Mazeras lenyewe ni mchanga wa mito, chembe kubwa zinazokwaruza kidole, na humo kuna vipande vya miti iliyogeuka jiwe, pete za ukuaji bado zinahesabika. Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu ramani. Mto unapoviringisha mchanga hujenga vilima vidogo, na mchanga huporomoka upande wa chini katika mistari iliyoinama nyuzi 20 na zaidi. Mistari hiyo inaonekana wazi kuliko mpaka wa tabaka lenyewe. Mtu anaona mistari mizuri, anaweka dira, anaandika nyuzi 24. Tabaka halisi lina nyuzi 5. Dawa ni kurudi nyuma hatua ishirini na kutazama ukuta mzima: mistari ya ndani hukatwa juu na kuishia chini kwenye mstari mrefu uliolala. Huo mrefu ndio wa kupimwa.

Kosa hilo lina bei. Kwenye ardhi tambarare, ukitembea kuvuka matabaka, unene ni umbali mara saini (sin kwenye kikokotoo) ya pembe ya mwinamo. Kilomita moja kwa nyuzi 5 ni mita 87. Kwa nyuzi 8 ni mita 139. Nyuzi tatu tu, na umezua mita 52 za mwamba usiokuwepo. Zidisha kwa kilomita kumi.

Kina kinahesabiwa kwa tanjenti (tan) ya pembe hiyo. Tabaka linalochomoza bara na kuinama nyuzi 5 litakuwa mita 1,300 hivi chini ukisogea kilomita 15 kuelekea baharini. Kwa karatasi, basi, jiwe la Mazeras liko chini sana ya Mombasa. Lakini mipasuko ya pwani kwa kawaida inashusha upande wa bahari, na hesabu ya tanjenti haijui mipasuko. Tuichukue kama kina cha uchache: huenda liko chini zaidi ya hapo.

Mariakani, mahali panapouzwa mawe bapa ya kutandika uani, yale ambayo Nairobi huyaita mazeras hata yakitoka kwingine, tulimkuta mzee na patasi yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwataka ngapi?"

Tulimwambia hatununui, twataka kuona anavyopasua. Akacheka, akasimamisha jiwe, akagonga ukingo mara nne akizunguka. "Lina njia yake hili. Ukilifuata lafunguka lenyewe. Ukililazimisha, lakuvunjikia mkononi." Likafunguka. Ndani kulikuwa na mawimbi madogo ya mchanga, kilele hadi kilele upana wa vidole vitatu, ya maji yaliyokuwa yakienda na kurudi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Mawimbi ya namna hii yana vilele vikali na mabonde ya mviringo, kwa hiyo yanakuonyesha upande uliokuwa juu. Kwa msomaji wa matabaka hilo ni jambo kubwa, kwa sababu matabaka yaliyokunjwa huweza kupinduka kabisa. Mwinamo, hata hivyo, haupimwi kwenye jiwe lililokwisha ng'olewa. Shuka timboni, lipime likiwa bado limeshikwa na wenzake.

Maji ya Chumvi jina linajieleza. Mwamba wa tope na mchanga laini wa hapa, wenye visukuku vya samaki, unatoa maji yasiyonyweka vizuri, na ndipo wapima maji hupata taabu. Njia yao ni kupitisha umeme ardhini kwa vijiti viwili vya nje na kupima volti kwa viwili vya ndani, wakitanua vya nje hatua kwa hatua. Ukitaka kuona mita 100 chini, vya nje vitengane angalau mita 400. Wakati wa kiangazi udongo mkavu haupitishi umeme, basi mwagia maji yenye chumvi kidogo kwenye kila kijiti. Jiepushe na reli, bomba na waya za seng'enge. Tatizo halisi ni la tafsiri: mchanga uliojaa maji ya chumvi na mwamba wa tope vyote vinaweza kusoma chini ya om-mita 10 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Mashine haitofautishi. Kisima kimoja cha zamani kilichoandikwa vizuri, chenye sampuli kila mita 2 au 3, kina thamani kuliko vipimo ishirini vya juu.

Ukipata visima vitatu una mwinamo. Chukua mfano: kilele cha chokaa kiko mita 40 chini ya kisima A kilicho mwinuko wa mita 60, mita 55 chini ya B kilicho mita 45, na mita 70 chini ya C kilicho mita 30. Toa kina kwenye mwinuko kwanza (wengi husahau): +20, −10, −40. Katikati ya A na C chokaa ni −10, sawa na B. Unganisha B na nukta hiyo, na huo ndio mwelekeo wa tabaka. Kama A iko mita 340 kutoka kwenye mstari huo kwa pembe mraba, tabaka linashuka mita 30 kwa 340, nyuzi 5.

Taru mchanga ni mkali na mgumu. Mashimo yake yanayohifadhi maji ya mvua, ngurunga, yalinywesha misafara ya zamani kabla ya reli. Hili ndilo jiwe la kale kuliko yote katika mfululizo huu, karibu miaka milioni 300. Upande wa mji wa Mackinnon Road linaisha, na chini yake kuna gneisi, mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo, yenye mistari iliyosimama na kukunjwa. Mistari hiyo si matabaka ya mchanga. Usiitumie kuhesabu unene.

Jioni tulichora mkato wa ardhi, kama vile tumeikata wima kutoka Fort Jesus hadi Taru. Kilomita 80 kwa kipimo cha 1:125,000 ni sentimita 64 za karatasi, na kilomita moja ya kina ni milimita 8 tu. Kila mtu hutamani kunyoosha kina mara tano ili aone vizuri, ila nyuzi 5 zitageuka karibu 24 na mchoro utaonekana kama paa la makuti. Tulichora bila kunyoosha. Kutoka Taru hadi Mazeras mistari ni kamili. Baada ya hapo ni vidoti, na chini ya Fort Jesus, kuanzia mita 1,300 kwenda chini, kuna alama ya kuuliza ya penseli.