Shahidi Mmoja Aliyesema Mara Mbili

Binti wa kaka yangu yuko mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta, na juzi alinitumia grafu ya usahihi wa modeli yake, yaani programu aliyoifundisha kutambua kifua kikuu kwenye picha. Mstari umepanda mpaka karibu na juu kabisa. Nikamwuliza jambo moja tu: picha hizi zimetoka kwa wagonjwa wangapi? Akaudhika kidogo. "Shangazi, mbona kila mara unauliza wagonjwa, huulizi picha?"

Swali hilo sikufundishwa chuoni, wala halikutoka maabara. Nililipata kwa mwanahabari wa redio, alasiri moja huko Tororo, mashariki mwa Uganda, wakati ule tulipokuwa tukipiga kwa simu picha za slaidi za malaria, vile vioo vyenye tone la damu vinavyosomwa kwa hadubini. Mradi wenyewe ulikuwa wa kuifundisha kompyuta kutambua vimelea vya malaria kwenye picha hizo.

Tororo haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Utafiti wa mbu uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mtu wa Tororo alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka. Apac, kaskazini mwa nchi, walipita 1,500. Kwa hiyo slaidi hazikutukatikia. Watu wa maabara ya akili mnemba ya Makerere walikuwa wameshaonyesha, mwaka 2016, kwamba simu iliyofungwa kwenye hadubini inaweza kukusanya picha za malaria, kifua kikuu na mayai ya minyoo, na modeli ikajifunza kuvitambua. Sisi tulitaka kujua kama jambo hilo linawezekana kwa hadubini za kawaida za vituo vya afya, zenye lenzi zilizokwaruzika na umeme wa kubahatisha.

Mwanahabari alikuja na kinasa sauti, akitaka dakika tatu za kipindi cha jioni. Nilimkalisha mbele ya hadubini kwanza. Naamini hadi leo kwamba mtu asiyeona tone la damu kwa macho yake hawezi kuandika habari ya mashine inayosoma damu.

Nikamweleza tangu mwanzo. Tone nene, yaani damu iliyopakwa nene juu ya kioo, halianikwi juani wala halipitishwi kwenye methanoli, maana joto na methanoli hugandisha seli nyekundu, na zisipopasuka huoni kitu ndani ya utando ule. Linaachwa likauke lenyewe, limefunikwa inzi wasilile. Halafu rangi ya Giemsa: asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15 wagonjwa wakiwa wengi, au asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45 ukiwa na nafasi. Maji ya kuchanganyia yawe na pH, kile kipimo cha asidi, ya 7.2. Yakielekea kwenye asidi, slaidi inakuwa ya waridi na ile bluu ya mwili wa kimelea inafifia. Yakielekea upande wa pili, kila kitu kinakuwa bluu na nukta nyekundu ya kiini inapotea humo. Rangi ichanganywe siku hiyo hiyo na ichujwe. Iliyolala huzaa chembechembe nyeusi ambazo kwa msomaji mchanga zote ni malaria.

Akatazama kupitia lenzi ya 100 yenye mafuta. Nikamwonyesha pete ya bluu yenye nukta nyekundu, nikamwonyesha na chembe ya rangi iliyokaa kando yake. "Zinafanana, mama," akasema. Nikamwambia azungushe skrubu ya fokasi polepole. Kimelea kilitokea pamoja na seli nyeupe, kikapotea pamoja nazo. Chembe ya rangi ilibaki ikionekana baada ya seli kupotea, kwa sababu ilikaa juu yake. Akarudia mwenyewe, huku na huku, kimya.

Kisha akanyanyua kichwa. "Na picha ya simu, ina skrubu hii?"

Haina. Picha ni bapa. Kila kinachotofautisha kimelea na uchafu kwa kina kinakuwa kimekwisha kupotea pale unapobonyeza kitufe. Modeli inabaki na umbo na rangi tu, na rangi nayo simu inaichezea: usipofunga mwanga, fokasi na mizani ya rangi kwenye kamera, simu inabadilisha weupe kila ukisogeza slaidi. Hata kishikizo cha simu kina yake. Kamera inatakiwa ikae pale miale inapokutana juu ya lenzi ya jicho, milimita chache tu, na ikisogea, picha inaota duara jeusi pembeni.

Kijana wetu wa kompyuta alikuwa amesubiri zamu yake kwa heshima. Akafungua matokeo: asilimia tisini na kitu. Mwanahabari akawasha kinasa sauti. Hapo niliingilia, kwa sababu asilimia ya usahihi ndiyo namba ninayoiogopa kuliko zote katika kazi hii. Ukikata picha vipande vidogo, na kipande kimoja tu kati ya 1,000 kina kimelea, mashine inayojibu "hakuna" kila mara itapata asilimia 99.9 bila kuona chochote. Ukitaka kujua kama inasoma, uliza imekosa vimelea vingapi vilivyokuwepo, na imezua vingapi visivyokuwepo. Na hata hapo, uliza kwa mgonjwa. Mashine inayozua kimelea kimoja katika kila nyuga 20, uwanja ukiwa ni eneo unaloliona kwa mara moja kwenye hadubini, inaonekana nzuri sana, ila sisi husoma nyuga 100 kabla ya kusema mtu hana malaria. Mtu mwenye afya njema ataondoka na vimelea vitano na dawa asizozihitaji.

Alisikiliza, akaandika, kisha akaomba jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuliomba. Alitaka kuona faili zenyewe.

Kulikuwa na mafolda mawili: la mafunzo, lenye picha ambazo modeli hujifunzia, na la mtihani, lenye picha za kuipima ambazo haitakiwi kuwa imeziona. Kila jina la faili lilianza na nambari ya mgonjwa, ikafuata slaidi, uwanja, na kipande. Hakuyafungua. Aliyasoma majina tu, kidole kikishuka kwenye kioo cha kompyuta, kwanza folda hili, kisha lile. Mimi nilikuwa nikifuta mafuta kwenye lenzi kwa karatasi yake. Kidole kikasimama.

"Huyu mgonjwa wa hapa, na huyu wa hapa, ni mtu mmoja?"

"Ndiyo," kijana akasema. "Slaidi ni ile ile, ila vipande ni tofauti."

"Tofauti kabisa?"

Kijana akasita. Vipande vilikatwa vikipandiana kidogo, ili kimelea kisikatwe katikati. Halafu vyote vikachanganywa, sehemu moja ya tano ikatengwa kuwa mtihani. Ndivyo ilivyofanywa na wengi waliokuwa wakianza kazi ya namna hiyo. Kwa hiyo kimelea kile kile kingeweza kuwa nusu yake darasani na nusu yake kwenye mtihani. Na hata pasipo kupandiana, vipande viwili vya slaidi moja vina damu moja, rangi ya siku moja, maji ya chupa moja, mkono mmoja uliolipaka lile tone.

Mwanahabari akazima kinasa sauti. Akasema, kwa upole, kwamba kazini kwao mtu akileta habari ya basi lililotumbukia mtoni kwa kuambiwa na watu wawili, mhariri humrudisha akawaulize wote wawili waliambiwa na nani. Mara nyingi wote wamesikia kwa mwendesha boda yule yule. "Hapo huna mashahidi wawili, mama. Una shahidi mmoja aliyesema mara mbili."

Hakuna aliyebishana naye. Kijana alikuwa ameshaanza kuandika programu upya, akigawa kwa nambari ya mgonjwa badala ya kipande, nambari ikiwa upande mmoja isionekane upande wa pili. Mwanahabari alibaki tukanywa chai. Modeli ilifunzwa usiku kucha, na asubuhi namba ilikuwa imeshuka, tena sana. Slaidi zilizoiangusha zaidi zilitoka kituo kimoja ambako maji ya kuoshea yalikuwa yakiziacha za waridi. Modeli ilikuwa imejifunza bluu yetu sehemu kubwa, malaria sehemu ndogo.

Mwanahabari aliandika habari yenye namba zote mbili, ya jioni na ya asubuhi, na sababu ya tofauti yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe, na bora kuliko ile aliyotumwa kuileta. Mhariri wake akataka namba moja. Haikurushwa. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu wasikilizaji wa Tororo na Malaba ndio waliotoa ile damu, na walistahili kusikia jinsi kosa linavyokamatwa.

Alinipigia simu wiki chache baadaye, si kwa ajili ya redio. Alikuwa amefikiri. Akauliza ni nani aliyechora visanduku kuzunguka vimelea kwenye picha za mafunzo. Nikamwambia ni mimi. Na kwenye picha za mtihani? Ni mimi pia.

Tangu hapo sikubali fungu la mtihani ambalo lebo zake, yaani visanduku vile, zimetoka kwa jicho moja. Desturi ya utafiti wa malaria inajulikana: wasomaji wawili, kila mmoja bila kuona jibu la mwenzake, na wa tatu aitwe wakipingana kama vimelea vipo au havipo, au hesabu zao zikiachana kwa zaidi ya asilimia 25. Tulimwita msomaji wa pili kutoka wilaya nyingine, mtu mwenye jicho kali kuliko langu. Slaidi nzito, zenye vimelea vingi, tulikubaliana karibu zote. Nyepesi, zenye vimelea vichache, ndizo zilizotutenganisha, na hapo ndipo ninapokwama.

Nyuga 100 za tone nene ni kama robo ya maikrolita ya damu, na maikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita. Mgonjwa mwenye vimelea vinne katika maikrolita moja atakuwa na kimoja tu, kwa wastani, katika nyuga hizo zote, na msomaji mwangalifu atakikosa zaidi ya mara moja katika kila slaidi tatu bila uzembe wowote. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kimelea ndani ya damu, kitasema vimelea vipo, na kitakuwa kimesema kweli, lakini hakitasema kwamba vilikuwa ndani ya picha. Wengine huzitoa slaidi za namna hiyo kwenye mtihani, wakisema lebo zake hazina hakika. Ukifanya hivyo umebakiza wagonjwa ambao hata mwanafunzi angewasoma, na namba inapanda tena kwa sababu nyingine. Sisi tulizibakiza, kila moja na majibu yote mawili, langu na lake, na kuihesabu modeli kando kwa slaidi hizo. Bado sijui inapopingana nasi sote wawili nimhesabie nani kosa.