Siku moja maishani mwangu: kofia mkononi, mbaazi jikoni

Mbaazi za leo zilianza jana usiku. Baada ya isha nilimwaga vikombe 2 kwenye ungo, nikakaa chini ya taa nikazichagua: vijiwe, vipande vya maganda, na zile zilizotobolewa na wadudu. Nikaziosha mara tatu, nikazitia bakulini, maji yakazipita kwa vidole vinne. Mama mkwe alikuwa ananitazama.

"Mwanangu, hizo za kesho asubuhi na mahamri?"

"La, mama. Za jioni. Ndicho kitoweo."

Hakujibu. Kesho yake jioni ami yake mume wangu alikuwa anakuja kula kwetu, na kwa mama mkwe mgeni hawekewi mbaazi.

Saa 11 alfajiri

Nikishaswali, naenda jikoni moja kwa moja kufunua bakuli. Mbaazi zimevimba, ganda lililokuwa na mikunjo limenyooka likang'aa. Nikiibana moja kwa kucha, inapasuka katikati. Maji ya kulowekea nayamwaga.

Saa 12 na nusu

Nimeshuka Usita wa Mui, njia kuu ya hapa Lamu, hadi sokoni, pale ubavuni mwa Ngome, nikipishana na punda waliobeba mchanga. Ni Julai, kusi linavuma, na vyombo vingi havithubutu kutoka nje ya miamba. Samaki walikuwa kwenye meza mbili tu, na fungu dogo la changu lilikuwa kwa bei ambayo ingenipa nazi za wiki nzima. Sikubishana na muuzaji, bahari ndiyo iliyopandisha. Nimenunua nazi 2, vitunguu, pilipili mbichi na ndimu. Nazi naitikisa sikioni kwanza. Isiyo na maji ndani naiacha, na yenye ukungu machoni pia naiacha.

Chai, watoto, sare za shule. Saa hiyo moja hupita sijui ilivyopita.

Saa 2

Jiko la makaa limeshika. Mbaazi nazibandika kwa maji ya mvua, na hilo nalisisitiza kwa kila anayeniuliza kwa nini zake haziivi. Maji ya visima vingi hapa mjini yana chumvichumvi, na maji mazito huifanya mbaazi ikaze. Mimi nina dumu langu la maji ya mvua ya masika, siliguzi kwa kufulia wala kwa kitu kingine. Wapo wanaotia magadi ili ziive upesi. Zinaiva kweli, lakini zinakuwa uji na ladha inakwenda zake.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Mimi nashona kofia za mkono. Maulidi yanakaribia, nina kofia 3 za watu na moja tu iliyofika nusu. Nakaa ukumbini, mlango wa jikoni wazi. Kila kitobo nakizungushia uzi, sindano inaingia na kutoka mpaka ukingo unakuwa mgumu kama pete, kisha kitobo cha pili kando yake. Kofia moja ina mamia ya vitobo hivyo. Jicho liko kwenye kitambaa, sikio liko kwa sufuria. Maji mengi huchemka kwa sauti nzito. Yakipungua, sauti inakuwa nyembamba, inatatarika, nami najua ni wakati wa kuongeza kikombe cha maji ya moto. Maji baridi siongezi.

Ndiyo maana naipenda mbaazi kwa siku ya kazi. Samaki anakutaka usimame naye. Mbaazi inataka saa moja, moja na nusu, na inakuacha na mikono yako.

Saa 3 na nusu

Nimeopoa moja, nikaifinya kwa kidole gumba na cha shahada. Imesagika bila kubaki kiini kigumu. Nimeepua. Mpaka hapa hamna ukwaju, hamna ndimu, hamna nyanya. Mwaka juzi nilitia ukwaju mwanzoni nikidhani utakolea vizuri, nikachochea makaa hadi adhuhuri na mbaazi zikabaki kama changarawe. Kitu kikali huikaza ganda. Siku ile tulikula mkate na chai, na bado naikumbuka aibu yake.

Mtoto wa jirani akabisha hodi. "Shikamoo, shangazi. Mama asema umpe mbuzi."

"Marahaba. Mwambie anirudishie kabla ya alasiri, nami nina nazi za kukuna."

Adhuhuri, chakula chepesi, usingizi kidogo. Kisha kofia tena hadi alasiri.

Saa 11 jioni

Mbuzi imerudi. Nazi 2 zimekunwa, na nakuna taratibu nikifika karibu na kifuu, kwa sababu ile ngozi ya kahawia ikiingia inatia tui weusi. Tui la kwanza nalikamua kwa maji kidogo ya uvuguvugu, nalichuja kwa kifumbu, nalitenga. Machicha yale yale nayatia maji tena mara mbili, nipate tui jepesi.

Tui jepesi linaingia kwenye mbaazi pamoja na kitunguu kilichokatwa vyembamba, bizari ya manjano kijiko kidogo, chumvi, na pilipili mbichi mbili nzima, zisipasuliwe. Sikaangi chochote. Moto wa wastani, mpaka tui lile linakaribia kunywewa lote. Hapo nachukua mwiko nasaga mbaazi kidogo kwenye ubavu wa sufuria, ili mchuzi ushikane. Ndipo naleta tui zito. Tangu linapoingia siondoki, nakoroga kwa upawa polepole, moto nimeupunguza, kwa sababu tui likiachwa lichemke ovyo hukatika, mafuta yakaelea huku na maji kule. Pembeni ya sufuria kukitoka povu la kwanza, naepua. Rangi inakuwa ya manjano laini, na mbaazi zinaonekana zikiwa nzima ndani yake.

Saa 2 usiku

Ami amefika. Mikate ya mofa nimeinunua kwa jirani, bado ya moto, na nimepika na wali mweupe, nikaupalia makaa juu ya kifuniko. Mbaazi nimeziweka katikati ya sinia, kwenye bakuli kubwa, mahali ambapo huwekwa kitoweo, na ndimu zilizokatwa kando.

Mama mkwe alianza kumwomba radhi mgeni kuhusu samaki. Ami alikuwa ameshamega mofa, amechovya. Akasema, "Bahari ya kusi naijua, shemeji. Hebu nipe ndimu." Akala mofa wa pili, kisha wa tatu, na alipomaliza akalipangusa bakuli upande wake kwa kipande cha mwisho. Hakuulizia samaki.

Saa 4 usiku

Naosha vyombo. Nilikuwa nimebakisha kiasi kidogo sufuriani, maana mbaazi iliyolala inakuwa nzito na tamu zaidi. Nimefunua nikakuta sufuria tupu. Juu ya kabati, nyuma ya birika la chai, kuna kibakuli kimefunikwa kwa sahani, na mama mkwe anauliza kutoka chumbani kwake kama kesho asubuhi nitapika mahamri.