Jinsi Nilivyochagua Wakati wa Kuhasi Dume wa Plau

Huku Teso, mashariki mwa Uganda, ambako maksai wamevuta plau tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wafugaji hatubishani kwamba dume wa kulimia ahasiwe. Tunachobishania ni umri. Mimi nilitaka maksai mtulivu lakini mwenye shingo ya kazi, na ili nimpate ilinibidi kwanza nielewe homoni inafanya nini mwilini mwake.

Testosteroni, homoni ya jamii ya steroidi inayotengenezwa ndani ya korodani, hukuza tezi za uzazi, lakini pia huingia katika seli za misuli na kuzichochea zitengeneze protini zaidi, na misuli ya shingo huiitikia kuliko ile ya mapaja. Nundu ya ng'ombe wetu wa asili nayo ina msuli ndani yake, wala si shahamu tupu, na nira hukaa mbele yake. Ndama akihasiwa mapema mno, shingo na nundu hubaki nyembamba huku miguu ikirefuka, kwa sababu estrojeni, homoni ambayo mwili wa dume huitengeneza kutokana na testosteroni hiyo hiyo, ndiyo inayofunga sehemu za ukuaji kwenye ncha za mifupa mirefu.

Kwa hiyo nilisubiri. Asubuhi kabla ya malisho nilimpitishia kiganja kutoka nyuma ya masikio mpaka kwenye nundu, nikihisi shingo ikijaa na kukaza. Alipoanza kuwapanda wenzake na kuvunja uzio akifuata mitamba, nilimwita daktari wa mifugo, kwani tabia hizo zikishakomaa hazifutiki zote hata baada ya kuhasi.

Daktari alitumia koleo la Burdizzo, ambalo huponda kamba ya korodani, yenye mishipa ya damu na mrija wa mbegu, bila kupasua ngozi. Aliitafuta kamba kwa vidole, akaisogeza pembeni, akabana upande mmoja, kisha wa pili juu kidogo ili alama mbili zisikutane, maana zikikutana ngozi ya chini hukosa damu ikaoza. Korodani zilinywea taratibu. Hata hivyo nilimtenga na majike, kwa kuwa mbegu zilizokwisha kutengenezwa hubaki kwenye mirija kwa muda.

Maksai hunenepa kwa mafuta na hukua polepole kuliko fahali, jambo ambalo halinisumbui kwa kuwa simfugi kwa ajili ya bucha. Anayefuga kwa bucha namshauri ahasi ndama angali mdogo, wakati maumivu ni machache na kupona ni haraka.