Kutia Nakshi Kwenye Kioo Nyumbani kwa Stika na Dawa

Hapa Mtwara, mtu akitaka kioo cha dirisha kisichoonyesha ndani, ama hununua kioo chenye ukungu kutoka dukani, ama hubandika stika ya ukungu ambayo jua na upepo wa bahari huanza kuikunja pembeni mapema kuliko alivyotarajia. Mimi napendelea njia ya tatu, yaani kukitia nakshi kioo chenyewe kwa krimu ya dawa inayokula uso wake, kwa sababu nakshi ya namna hiyo haibanduki na mchoro unakuwa wa chaguo langu. Wanaoanza huiwaza sana dawa, ilhali uzuri wa kazi huamuliwa kabla kopo halijafunguliwa, wakati wa kubandika na kukata stika inayokinga sehemu za kioo zisizotakiwa kuliwa.

Stika inayofaa ni ile ya plastiki ambayo waandishi wa mabango huitumia kwenye magari na milango ya maduka. Huibandika kwanza juu ya kioo, nikachora kwa kalamu, kisha nikakata kwa wembe mpya na mkono mwepesi, nikikizungusha kioo badala ya kuupinda mkono, maana wembe unaopindishwa katikati ya duara huacha kona ndogo ambayo dawa itaianika bila huruma. Faida ya kukata papo hapo ni kwamba kipande cha katikati ya herufi O au A hubaki mahali pake. Ukikata pembeni ili uhamishe, itakubidi uache vishikizo vyembamba, kama vile katika kinyago cha ujamaa cha Kimakonde, ambamo kila mtu lazima amguse mwenzake ili kinyago kisimame. Filamu kuukuu ya eksirei ni nzuri sana kwa kuchorea umbo lilelile mara nyingi, ila usipake dawa kupitia tundu zake, kwa kuwa haina gundi na dawa itapenya chini yake.

Kuhusu michoro, sioni haja ya kuhangaika mtandaoni. Milango ya nakshi ya Mikindani ina maua ya duara na minyororo inayojirudia, na kwa kuwa nakshi hiyo ilitungwa kwa patasi, kingo zake ni safi na hukatika vizuri kwa wembe. Mistari myembamba kama uzi iache, kwani stika huchanika wakati wa kuitoa.

Kioo kisafishwe kwa spiriti kabla ya kubandika, na zaidi katika nyumba za Shangani, ambako chumvi ya bahari huacha utando usioonekana kwa macho. Alama moja ya kidole chenye mafuta inatosha kuacha doa ambalo dawa haikushika. Ukishakata na kubandua vipande vya mchoro, kandamiza kingo zote kwa mgongo wa kijiko, kisha kiinamishe kioo dhidi ya mwanga: mahali penye mstari mweupe wa hewa ukingoni ndipo dawa itakapoingilia.

Dawa hupakwa nene, wala haisambazwi kama rangi ya ukuta, na muda wake ni ule ulioandikwa kwenye kopo, ambao kwa kawaida ni dakika chache. Kuiacha saa nzima hakuongezi kina cha maana, kwa sababu krimu hizi hutia ukungu juu tu, hazichimbi. Osha dawa yote kabla ya kubandua stika. Hapo wengi hukata tamaa, kwa kuwa kioo kikiwa kimelowa nakshi hupotea kabisa: maji hujaza vishimo vidogo vinavyotawanya mwanga. Kikaushe kwa kitambaa, nayo itajitokeza. Plastiki haishiki kabisa, na baadhi ya bakuli za kioo za kuokea hushika kwa shida.

Sasa hatari yake. Krimu hizi zina chumvi za floridi, jamaa ya asidi ya haidrofloriki ambayo mkemia Carl Wilhelm Scheele aliichunguza mwaka 1771 na kuona jinsi inavyokula vyombo vyake vya kioo. Floridi hupenya ngozi na kufuata kalsiamu mwilini, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo kutosikia kitu si dalili ya usalama. Vaa glavu za mpira na miwani, fanyia kazi barazani penye hewa, watoto wakiwa mbali. Ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka na uende hospitali ukiwa na kopo lenyewe mkononi, ili daktari ajue anashughulika na nini. Bilauri za kunywea usizitie nakshi ndani wala karibu na mdomo.

Asiyetaka kemikali hiyo nyumbani, na simlaumu, aende duka la vipuri akanunue dawa ya kusagia vali. Ni chembe ngumu kuliko kioo zilizochanganywa na grisi au maji, na ukizisugua kwa kipande kidogo cha kioo bapa zinatoa ukungu mzuri. Lakini msuguano huo hulainisha na kula kingo za stika, kwa hiyo nautumia kwa mistari mipana tu, nikiwa nimebandika tabaka kadhaa.

Wakati wa kufunga dirisha la bafuni, mwambie fundi wa alumini aelekeze upande wenye nakshi mahali pasipofikiwa na maji ya kuogea. Upande huo ukilowa, faragha yako huondoka hadi kioo kikauke. Kwa madirisha ya sebuleni upande wa nakshi nauweka ndani, ambako mvua na chumvi havifiki, ingawa huko nako mikono yenye mafuta huacha madoa ambayo sabuni ya vyombo na mswaki laini huyatoa.