Siku niliyompeleka mjomba Cedar Point

Ukitoka Sandusky mjini kwenda Cedar Point, bustani ya burudani jimboni Ohio, Marekani, unapita kwenye barabara iliyojengwa katikati ya maji, na kabla hujafika kwenye vibanda vya kulipia maegesho unaanza kuziona: milima ya chuma imejaa rasi nzima, mwingine wa bluu, mwingine mwekundu, na nyuma yake Ziwa Erie. Nimepita hapo mara tisa na bado moyo hunidunda. Safari hii nilikuwa na mjomba, wiki ya tatu tangu atue Columbus kutoka Morogoro. Tangu tulipoanza kuvuka maji alikuwa kimya. Halafu akauliza, "Hizo reli zina geji gani?" Yaani upana kati ya reli na reli.

Mjomba ni fundi. Alifanya kazi miaka 31 kwenye karakana ya reli pale Morogoro mpaka alipostaafu. Mimi ni mpenzi wa rolakosta, yaani zile treni za burudani zinazopandishwa kilima kirefu kisha zikaachiwa zishuke zenyewe, na naweka hesabu ya kila moja niliyopanda kwenye daftari. Siku hiyo daftari lilikuwa na rolakosta 64. Ajabu ni kwamba katika miaka yote hii sikuwahi kufikiri kwamba mimi na mjomba tunapenda kitu kimoja. Mpango wangu ulikuwa apate benchi kivulini, anishikie begi, aangalie ziwa na watu.

Nieleze kwanza nilivyoipanga siku, maana wengi huniuliza napandaje treni kumi na zaidi wakati wao wanapanda nne na kurudi nyumbani wamechoka. Nilichagua Jumanne, wiki ya kwanza ya Juni. Wikiendi foleni inakula siku yako yote. Nina pasi ya msimu, na mwenye pasi anaruhusiwa kuingia mapema kabla ya umma kwenye baadhi ya treni. Tuliondoka Columbus saa kumi na mbili alfajiri, mwendo wa saa mbili hivi, pilau ikiwa kwenye kisanduku cha barafu. Mlango ukifunguliwa watu wengi husimama kwenye treni ya kwanza wanayoiona. Mimi hupita moja kwa moja mpaka nyuma kabisa, kwenye sehemu iliyojengwa kama mji wa kale wa magharibi ya Marekani. Huko ndiko iliko Steel Vengeance, ambayo baada ya saa tano asubuhi unaweza kuisubiri saa moja na nusu. Nilikodi kabati nikaacha simu na funguo, nikamwacha mjomba kwenye benchi, nikapanda mara mbili kabla jua halijakolea.

Kuhusu Steel Vengeance siwezi kupita haraka. Mwaka 1991 pale palijengwa rolakosta ya mbao iitwayo Mean Streak, kubwa sana. Ilifungwa 2016. Badala ya kuivunja yote, kampuni ya Rocky Mountain Construction ilibakiza sehemu kubwa ya msitu ule wa nguzo za mbao, ikaweka juu yake reli mpya za chuma, na 2018 ikafunguliwa kwa jina jipya: urefu wa mita 62, mteremko wa kwanza wa digrii 90, na mahali pane unapogeuzwa kichwa chini. Lakini tunaoifuata hatuifuati kwa sababu ya kugeuzwa. Tunaifuata kwa kuelea. Kuelea ni ile sekunde treni inapovuka kilele kwa kasi, behewa linaanza kushuka, mwili wako bado unataka kwenda juu. Unanyanyuka kitini, umezuiwa na chuma cha mapajani tu. Treni nyingi zinakupa kuelea mara tatu au nne. Hii wenyewe wanahesabu sekunde 27 na ushee kwa safari moja. Nikishuka huwa mikono inanitetemeka, na si kwa hofu. Ni furaha ambayo sijaipata penginepo popote.

Niliporudi kwenye benchi, mjomba hayupo. Nilimkuta kwenye uzio, shingo ameinyoosha, anaangalia treni inavyopita katikati ya nguzo.

"Shikamoo tena, mjomba. Nimekuchelewesha?"

"Marahaba. Njoo hapa. Hebu niambie, ile treni inapopinduka, nini kinaizuia isidondoke? Usiniambie mikanda. Mikanda inawazuia watu. Behewa lenyewe linazuiwa na nini?"

Hapo ndipo siku ilipobadilika. Nilimweleza kuhusu magurudumu matatu. Gurudumu la treni ya kawaida lina ukingo kwa ndani unaolizuia lisiteleze nje ya reli, lakini juu na chini linashikiliwa na uzito wa behewa peke yake. Rolakosta za mwanzo zilikuwa hivyo hivyo. Ile ya LaMarcus Thompson iliyofunguliwa Coney Island mwaka 1884, nauli senti tano, ilienda taratibu kwenye vilima vifupi, kwa hiyo uzito ulitosha. Aliyefungua njia ni John Miller. Mwaka 1919 alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya gurudumu linalokaa chini ya reli. Kwa hiyo kila pembe ya behewa ina gurudumu la juu linalobeba, la ubavuni linaloongoza, na la chini linalozuia behewa lisinyanyuke. Bila lile la chini, kuelea kusingekuwepo, maana behewa lenyewe lingeelea.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nataka kuliona."

Tulianza kulitafuta. Asubuhi yote iliyobaki mimi napanda, yeye anachunguza, tukikutana ananipa ripoti. Nilipanda Maverick, ambayo mteremko wake umepita digrii 90 ukarudi ndani hadi 95. Yeye akagundua kwamba treni ya pili haiondoki kituoni mpaka ya kwanza ipite sehemu fulani. "Kumbe ni kama kwetu," akasema. "Treni haitoki stesheni mpaka njia ya mbele iwe tupu." Nilipanda Millennium Force siti ya mbele. Ina mita 94, inafika kilomita 150 kwa saa, na ilipofunguliwa mwaka 2000 hakukuwa na nyingine duniani iliyofika kimo hicho kwa njia kamili, yaani inayozunguka mpaka kurudi ilipoanzia. Yeye akasikia kwamba haipigi kelele inapopanda. Ni kweli, inavutwa na kebo badala ya mnyororo, inapanda haraka na kimya. Alipenda zaidi breki zake: sumaku, hakuna chuma kinachogusana, na umeme ukikatika zinafanya kazi vilevile. Alizilinganisha na breki za upepo za treni, ambazo bomba likipasuka zinakaza zenyewe. "Breki nzuri," alisema, "ni ile ambayo ikiharibika inasimamisha."

Blue Streak tulipanda pamoja. Ni ya mbao, ya mwaka 1964, mita 24 tu, na nilifikiri hiyo inamtosha. Mlangoni kuna kibao cha masharti. Tulikisoma pamoja neno kwa neno, moyo, mgongo, shingo. Alikuwa amepimwa kila kitu kabla ya safari na presha yake ni nzuri kuliko yangu. Wenye shida hizo wakisome kile kibao kwa dhati. Alikaa wima kama yuko ofisini, mikono juu ya magoti, na kila tulipovuka kilima nilisikia akihema kwa nguvu mara moja. Hakupiga kelele hata kidogo. Tuliposhuka alisema mbao zile zinahitaji macho ya mtu kila siku, na nikamwambia ndivyo wanavyofanya, kuna watu wanatembea juu ya njia asubuhi kukagua. Akatingisha kichwa kwa heshima.

Pilau tuliila kwenye maegesho, milango ya gari imefunguliwa.

Saa tisa alasiri wingu likaja kutoka ziwani. Kwenye rasi ile hali ya hewa inageuka upesi, na radi ikikaribia treni zote ndefu zinasimamishwa. Vipaza sauti vikatangaza, wahudumu wakawatoa watu kwenye foleni, mvua ikashuka kwa mawimbi. Tulijibanza chini ya paa la duka la vinywaji. Familia baada ya familia zilitupita zikikimbilia magari.

Hapa ndipo pa kushikilia kama unataka siku nzuri. Mara ya pili nilipokuja Cedar Point niliondoka na mvua, na baadaye jamaa waliobaki walinisimulia jioni waliyoipata. Tangu hapo siondoki. Mvua ya Juni huko mara nyingi haikai zaidi ya saa moja na nusu, na ikikatika nusu ya watu wameshakwenda. Faida nyingine: jioni treni hukimbia zaidi kuliko asubuhi, kwa sababu girisi kwenye beringi imeshapata joto la mchana kutwa. Mvua inaipunguza faida hiyo kidogo, lakini raundi chache zikipita treni inarudi kwenye kasi yake.

Ilipokatika tulitembea hadi mbele ya Magnum XL-200 tukasimama kuangalia. Treni ikatoka kituoni bila mtu. Ikapanda, ikashuka, ikazunguka, ikarudi. Ikatoka nyingine, nayo tupu.

"Treni ya majaribio," mjomba akasema. Nilimwona uso wake umetulia kabisa. Halafu akaongeza, "Wakimaliza, tupande hii."

Magnum ndiyo rolakosta ninayoipenda kuliko zote, na sikuwa nimemwambia. Ilifunguliwa 1989, ikawa ya kwanza duniani ya njia kamili kupita futi 200. Ina 205, yaani zaidi ya mita 62, na inafika kilomita 116 kwa saa. Wengi siku hizi wanaiona imezeeka, inatikisa, vilima vyake vya kurudia ni vikali kama mtu aliyevichora kwa rula. Mimi ukali huo ndio ninaoupenda. Nilimpa onyo lote hilo. Nilimshauri tukae katikati. Akakataa, akataka behewa la mwisho.

"Nyuma unavutwa, mjomba. Treni ni moja na kasi ni moja. Ya mbele ikiwa inashuka, sisi bado tunapanda, kwa hiyo tunapofika kileleni tayari inakimbia. Tutang'olewa kitini."

"Mwanangu, mimi nimepanda na treni za mizigo kutoka Kilosa kwenda Gulwe. Mkia wa treni naujua."

Foleni ilikuwa ya dakika kumi. Na pale kituoni, treni ilipoingia mbele yetu na kusimama, mjomba aliinama. Nami nikainama. Kati ya jukwaa na behewa, kwenye mwanga mdogo, lilionekana seti zima: gurudumu la juu likiwa na matone ya mvua, limevishwa plastiki ngumu ya rangi iliyofifia, la ubavuni dogo zaidi, na chini ya bomba la reli, karibu limefichika, lile la tatu. Mjomba alilinyooshea kidole bila kuligusa. Mhudumu, kijana wa chuo pengine, alitusubiri bila haraka.

Chuma cha mapajani kikashuka. Tukaanza kupanda na ule mlio, taka-taka-taka, ambao watu wengi wanaamini ni mnyororo. Mjomba alinisogelea sikioni: "Huo ni ulimi unaodondokea kwenye meno. Mnyororo ukikatika, treni hairudi nyuma." Hakuna aliyewahi kumwambia. Alijua kwa masikio.

Juu kabisa ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya risasi, na upande wa magharibi jua limetokeza chini ya wingu. Nilimwona anageuza kichwa kulitazama. Kisha mbele yetu mabehewa yakaanza kupotea moja moja, na sisi bado tunapanda, na kasi ikaja kutoka mbele kama alivyosema yeye na kama nilivyosema mimi, na tukanyanyuka wote wawili. Mjomba, ambaye Blue Streak alihema tu, alitoa sauti ndefu, nene, ya mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto. Aliendelea kuitoa kwenye kilima cha pili, ndani ya mahandaki, kwenye vile vilima vikali vya kurudi, moja baada ya nyingine, mpaka breki zikatushika.

Tuliipanda tena mara tatu. Mara ya mwisho taa zilishawaka. Jumla yangu ilikuwa safari kumi na mbili, na nilipofungua daftari kwenye gari sikuwa na rolakosta mpya hata moja ya kuandika, kwa hiyo niliandika tarehe na jina la mjomba.

Tulitoka saa nne na nusu usiku. Morogoro ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mjomba alijua rafiki yake wa karakana ameshaamka. Tulivuka ile barabara ya majini, milima ikiwaka taa nyuma yetu, yeye simu iko sikioni. "Gurudumu la tatu liko chini ya reli," alikuwa anasema. "Chini, nakwambia. Nimeliona kwa macho yangu. Sikiliza, chukua karatasi nikuelekeze."