Pale Jogoo Alipowika

Jumamosi usiku nilikwenda sinema ya Babylon, hapa Berlin, kuitazama Nosferatu, filamu bubu ya F. W. Murnau ya mwaka 1922 kuhusu mnyonya damu aitwaye Orlok, huku kinanda kikipigwa mbele yetu. Jengo hilo, lililosanifiwa na Hans Poelzig, lilifunguliwa mwaka 1929, wakati filamu zenye sauti zilipokuwa zimekwisha kuingia sokoni, na hadi leo limehifadhi kinanda chake cha tangu mwanzo, kazi ya kampuni ya Philipps ya Frankfurt.

Mimi nimelelewa katika kwaya ya kanisa, ambako kinanda hutangulia na waimbaji hufuata. Hapa mpigaji ndiye aliyefuata. Hakuyaondoa macho kwenye skrini, na kwenye kibao cha noti mbele yake palikuwa na karatasi moja tu yenye mistari michache ya penseli. Muziki ambao Hans Erdmann aliitungia filamu hii umepotea kwa sehemu kubwa, hivyo kila anayeisindikiza hana budi kuuwaza upya. Filamu yenyewe nusura ipotee, kwa kuwa mjane wa Bram Stoker alishtaki kwamba riwaya ya mumewe, Dracula, imetumiwa bila idhini, na mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe.

Vinanda vya sinema viliundwa ili mtu mmoja aifanye kazi ya okestra nzima. Upepo husukumwa kwenye mabomba yaliyofichwa katika chumba chenye vibao vya mbao, ambavyo hufunguka na kufungwa ili sauti ipande au ishuke, na baadhi ya vitufe vya kinanda huunganishwa na ngoma na kengele, hata vifaa vya kuiga mlio wa kwato za farasi. Mpigaji mwenye pupa angevitumia vyote. Huyu alijizuia, na kwa hilo namheshimu sana.

Meli iliyobeba majeneza ilipoingia bandarini peke yake, mabaharia wakiwa wamekwisha kufa, alikanyaga noti moja ya chini kabisa na kuishikilia, nami niliihisi kwenye ubao wa kiti kabla sijaisikia masikioni. Juu yake hakuweka wimbo wowote. Matanga yalipita polepole, noti ile ikabaki pale pale, na mama aliyeketi kando yangu akaukumbatia mkoba wake.

Kisha ikafika alfajiri ya mwisho. Ellen, mwanamke anayeandamwa na Orlok, amemzuia mnyonya damu huyo kitandani mwake hadi kunakucha, na jogoo anaonekana akiwika. Nilitarajia mlio fulani kutoka kwenye mabomba. Badala yake mpigaji aliinua mikono yote miwili na kuitua mapajani, jogoo akafungua mdomo wake mbele ya ukumbi mzima uliokuwa kimya, na mikono ile haikurudi kwenye kinanda hadi mwanga wa jua ulipomgeuza Orlok kuwa moshi.